Picha Isiyo na Uso wa Yusufu

Moroni

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umeshainuka kitandani na ule mguu wako mkaidi umekubali kukanyaga chini. Sisi tu wazima. Baba Daudi bado anahangaika na majenereta ya watu, na mjukuu wako ameota meno mawili ambayo kazi yake ni kuniuma.

Najua barua zangu huwa unazipeleka kwa akina mama wa kanisani zikasomwe, nawe unakaa mbele umejitanda kitenge kipya. Hii usiipeleke. Isome peke yako.

Uliuliza kuhusu watoto wangu wa Jumapili. Wako tisa, wote wa wageni kama sisi, wengi Wamalagasi, na tunakutana sebuleni kwa mmoja wetu. Kalamu za rangi mlizotuma zimebaki vipande kama punje za kunde. Vitabu vya picha hatuna. Mimi huchora picha moja ya hadithi ya Biblia, nikaweka karatasi ya kaboni chini yake ili nipate nakala, nikakandamiza mpaka kidole kife ganzi. Tuna desturi yetu: picha ya msamaha haibaki nyumbani. Mtoto akishaipaka rangi, anampelekea mtu aliyemkosea, anamwomba radhi. Desturi hiyo niliianzisha mimi, na nilijivuna nayo.

Karatasi nilikuwa napewa na Bi Zaina, jirani yangu wa ukuta mmoja. Unamkumbuka, nilikuandikia habari zake. Ni mtu wa Mutsamudu, kisiwa cha Nzuani, ila alikulia Unguja na anasema Kiswahili chetu, ndiyo maana tulielewana tangu siku ya kwanza. Nilipojifungua Daudi, wewe ukiwa mbali, yeye ndiye aliyenikanda kwa maji ya moto siku zote arobaini. Mumewe alikuwa karani bandarini, akituletea karatasi zilizopigwa taipu upande mmoja.

Siku alipoiona picha yangu ya Yusufu akiwasamehe ndugu zake, aliitazama kwa muda mrefu. "Mama Daudi," akasema, "huyu hata sisi ni nabii wetu. Sisi Waislamu hatuwachori manabii." Hakusema kwa ukali. Nikaona haya, maana karatasi ni zake. Tangu hapo Yusufu wangu anasimama ametupa mgongo sisi watazamaji, na nyuso zinazoonekana ni za wale ndugu tu, waliomuuza. Alipoiona hiyo alicheka. "Hapo sawa. Wao ndio wa kutazamwa."

Sasa nikueleze, Mama. Mmesikia redioni kwamba watu wa Nzuani wanataka kujitenga na visiwa vingine vya huku. Hapa mjini watu wakakasirika, vijana wakaanza kupita nyumba kwa nyumba wakiwataka Wanzuani warudi kwao. Walipofika mtaa wetu ilikuwa mchana, baada ya adhuhuri. Baba Daudi alikuwa kazini. Nilikuwa mezani nakandamiza ile ile picha ya Yusufu kwa ajili ya Jumapili.

Mlango ukagongwa, taratibu, nikaisikia sauti ya Bi Zaina. "Mama Daudi, nifungulie. Ni mimi." Kisha: "Basi wapokee watoto tu. Huyu mdogo ana homa."

Nilizima redio. Nilimpa Daudi ziwa asilie. Nikasema moyoni, sisi ni wageni, wakimkuta humu watatuchanganya na wao, Baba Daudi atafukuzwa. Hayo yote huenda ni kweli. Lakini ufunguo ulikuwa mfukoni mwa gauni langu la maua, na alijua nimo, maana redio alikuwa ameisikia. Aliniita mara ya tatu, halafu hakuniita tena.

Baadaye mtu mmoja kwenye bomba la maji aliniambia Bi Zaina na jamaa yake walikaa bandarini siku mbili, wamekalia masanduku juani, wakingoja chombo cha kwenda Mutsamudu. Bandari ni mwendo mfupi kutoka hapa. Sikwenda hata kuwapelekea uji wa mtoto.

Jumapili nilifundisha, Mama. Sauti haikutetemeka hata kidogo, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi. Watoto wakapaka rangi. Kuna binti wa miaka saba, Lala, hupenda kuuliza. Akainua picha yake. "Mwalimu, uso wa Yusufu hatuuoni. Tutajuaje kama amesamehe?" Kabla sijajibu akaigeuza, akaona upande wa pili maandishi ya taipu ya yule karani. "Na wewe ya kwako utampelekea nani?"

Nikasema muda umekwisha, tuombe.

Wiki ikapita. Mwishowe nikachukua karatasi moja, nikaipaka rangi mwenyewe, wale ndugu wote nikawavika lile gauni langu la maua ili asitafute mkosaji ni nani. Chini niliandika, "Nilikuwamo ndani. Nisamehe." Nikampa baharia mmoja Mmalagasi anayekwenda Mutsamudu amfikishie Bi Zaina.

Jana amerudi. Nilimfuata mpaka bandarini na mtoto mgongoni. Alisema mtoto mdogo amepona, anacheza. Nikamshukuru Mungu palepale. Nikamuuliza, je, picha? Akasema Bi Zaina aliipokea, akaisoma, akageuka akaingia nayo ndani. Baharia alingoja kidogo, lakini Bi Zaina hakutoka tena.

"Alikuwa na uso gani?" nikamuuliza.

"Sikuuona," akasema. "Alikuwa amenipa mgongo."

Basi Jumapili inakuja na Lala atauliza tena, namjua. Nitamwambia kweli: kwamba sijui kama nimesamehewa, na nitamweleza picha yangu nilimpelekea nani, na kwa nini.

Msalimie shangazi na umwambie dawa yake ya kikohozi imenifaa. Msalimie kaka mkubwa na mkewe, na mdogo wangu wa mwisho aache uvivu wa kuandika. Bibi mbusu mikono kwa niaba yangu.

Nilipoanza nilikuambia usiipeleke kwa akina mama. Ipeleke. Vaa kitenge chako ukitaka, lakini isomwe yote, hasa pale pa ufunguo.

Mwanao aliyekuwamo ndani,
Agnesi