Mkuki Uliotundikwa Koti

Omera Otieno, ndugu yangu wa tumbo moja,

Nimekukasirikia. Najua si vizuri kumwambia hivyo mtu ambaye udongo wa kaburi lake haujatulia, lakini wewe hukupenda kudanganywa, na mimi sina mwingine wa kumwambia. Mke wako Atieno hajambo. Watoto wamerudi shule. Gunia la mwisho la omena, dagaa wako wa kuuza, ulilolitoa Homa Bay bado liko nyuma ya mlango, nyumba nzima inanuka soko, na Atieno alikuwa hataki liguswe.

Sasa nikuambie habari za matanga yako, maana uliondoka ukatuachia balaa.

Unajua desturi yetu. Mwanaume mzima akifa tunaswaga ng'ombe mpaka mpakani, kwa mikuki na ngao na makelele, tunafukuza kifo, halafu tunarudi. Tero buru. Na ni ndugu wa marehemu anayetangulia. Yaani mimi. Maisha yangu yote nimetembea nyuma yako, Otieno. Nilisomea vitabu vyako, nikavaa suruali zako, nikaitwa "mdogo wake Otieno" hadi ndevu zikaingia mvi. Siku hiyo moja tu ilikuwa yangu. Niliunoa mkuki wa baba mpaka ukang'aa.

Kumbe ulikuwa umemwambia Atieno kule hospitalini, "Mkuki usionekane kwa matanga yangu." Wazee walifoka. Baba mdogo Onyango alisema hajawahi kuona mwanaume akisindikizwa kama kuku. Atieno akasimama, hakulia, akarudia maneno yako vile vile. Na watu wakakubali! Ningekuwa ni mimi niliyekataza, wangesema nimelewa.

Ndivyo ilivyokuwa hata mwaka ule kura za vyama vingi zilipokaribia, ng'ombe wetu wakaibiwa. Sisi tulichukua silaha tukavuka mto kwenda kwa Wakuria, ambao nao walisema tuliwaibia kwanza. Wewe ulibaki. "Mimi sipigani na watu ninaowauzia omena." Tulikucheka sana. Tulirudi bila ng'ombe, mimi na mshale begani, na Ouma wa jirani hakurudi kabisa. Siku mbili baadaye ukabeba omena yako ukaenda kwa Chacha, yule Mkuria mteja wako, ukakaa tu kwake mchana kutwa, ukarudi jioni na ng'ombe wawili. Mama alisimulia habari za ng'ombe hao mpaka anaingia kaburini. Bega langu hakulisimulia. Mvua ikinyesha linaniuma, na hakuna anayeuliza.

Mama yake Ouma alikaa mbele kabisa kwenye matanga yako. Mimi akinipita hunisalimia, basi.

Siku ya tero buru watu walitoka na fimbo za kuchungia tu. Mimi nilibeba mkuki. Ndiyo, niliubeba. Nilitangulia na lile dume jeusi, na hakuna aliyenikataza. Hakuna hata aliyeniangalia, na hilo liliniuma zaidi.

Nilijua tutawakuta Wakuria wamejipanga ng'ambo ya mto na mishale, kama kawaida yao wakisikia makelele yetu. Omera, walikuwa wamejipanga na ng'ombe wao. Wanawake, wazee, wote. Walisikia hatuji na silaha, wakavuka. Chacha alikuwa mbele, analia bila aibu, anaita kwa Kijaluo chake kibovu, "Otieno osiepna! Rafiki yangu!" Sikujua niuweke wapi ule mkuki. Niliuchomeka ardhini, nikajifanya nafunga kamba ya kiatu. Chacha akaona joto kwa kulia, akavua koti, akatafuta pa kuliweka, akalitundika juu ya mkuki wangu. Mkuki wa baba! Lilining'inia pale mpaka tulipomaliza kukuombolezea.

Nilikuonea wivu siku hiyo kuliko siku zote. Niliwaza siku yangu itakavyokuwa. Mikuki itajaa, makelele yatajaa, na wale wa ng'ambo watasimama kwao kuhakikisha kama nimekufa kweli. Hakuna atakayevua koti.

Tangu hapo Chacha amekuwa akija. Anakaa kwenye kiti chako, tunakunywa uji, anacheka vituko vyako, na mimi nacheka huku roho inaniuma. Juzi alipoinuka kwenda aliniwekea mkono begani, bega lile lile, akauliza kama bado linasumbua. Wa kwanza kuuliza. Nikamtazama, akainamisha macho.

Otieno, ulijua? Ulikaa kwa huyu mtu mchana kutwa, ukanywa maji yake, na ulijua mshale ni wake? Ukarudi ukanifunga kidonda, hukusema neno. Ungeniambia, ningevuka tena usiku huo huo. Na huenda nisingerudi.

Nimemwomba Atieno lile gunia, amenipa. Alhamisi nitavuka mto nalo, nikae kwa Chacha hadi jioni kama ulivyokaa. Sijui nitasema nini. Mkuki nimeuacha pale pale mtoni, kuna mchunga ng'ombe anautundikia chakula chake.

Pumzika, omera. Nakuahidi sitabeba kitu kingine mkononi zaidi ya omena. Ila usijisifu huko uliko. Siendi kwa ajili yako. Naenda kwa sababu na mimi nataka, siku yangu ikifika, mtu wa ng'ambo avue koti.

Mdogo wako,
Odhiambo