Kichwa Alichokinyoa Irene

Baba Upendo,

Ukiamka, maharage yako jikoni, yapashe. Mchicha umwagilie maji jua likipoa.

Jirani yetu Mama Sabra alikuona asubuhi ukirudi kutoka uwanjani na upara, akadhani tumefiwa. Kaleta unga wa msiba. Mrudishie, umweleze mlinyolewa huko kuwachangia fedha watoto wenye saratani. Kwa hilo nakupongeza kabisa.

Lakini kila Jumapili nakunyoa mimi, hapo mlangoni, na hutulii hata kidogo. Leo uwanjani, mikononi mwa Irene wa kwaya, nimekuona umetulia kama maji mtungini, na macho umefumba!

~~Nimekwenda kwa mama.~~ Nimekwenda uwanjani, na mimi ninyolewe. Kinyozi nitamchagua mwenyewe.

Mama Sabra akiuliza nani kafa, mwambie bado.

Mkeo, Mama Upendo