Gimbi Moja Ndani ya Bakuli Lenye Kifuniko

Kobe, Japani
Majira ya majani kuanguka

Dada yangu Tabita,

Nakusalimu wewe na wote mnaoota moto jikoni kwenu hapo Itaka. Kifua cha mtoto kimepoa? Mvua zimeanza, au bado mnatazama mawingu ya upande wa Ivuna yakipita bila kutua? Mimi mwili ni mzima, isipokuwa baridi ya huku inanifanya nivae soksi mbili mbili mpaka jikoni, na Bibi, mke wa Bwana ninayempikia, akiniona hucheka. Moyo ndio hauna raha, na sababu unaijua, maana wewe ndiye uliyeniandikia.

Tangu nipate habari kwamba mama hali chakula, nimekuwa mpishi wa kuunguza mikate. Unasema tangu mlipomzika baba anasukuma sahani, anakunywa maji ya uji tu, na shangazi wa kule kijijini Mpemba anasema aachwe, anamfuata mumewe. Mwambie shangazi, kwa heshima zake zote, anyamaze. Naogopa sana, dada. Naogopa hata kuandika barua hii, kwa kufikiri itamkuta mama katika hali gani. Mkataba wa Bwana unanifunga hapa mpaka aende likizo, na hata ningeondoka leo, meli ingenichukua wiki nyingi baharini. Kwa hiyo nitakusimulia jambo, na usiseme ni upuuzi wangu wa kawaida mpaka ufike mwisho.

Unajua Bwana alivyouza shamba lake la kahawa huko Mbozi akaja huku kuwauzia Wajapani kahawa, nami nikafuata sufuria zangu. Basi siku moja alikuja mzee mmoja wa Kijapani, mnunuzi mkubwa, mkimya, mwenye suti nyeusi. Bwana akaniambia nimpikie kahawa ya kwetu. Nikaikaanga mwenyewe kwenye kikaango, polepole, nikaitwanga, nikampelekea. Akanywa polepole mpaka tone la mwisho, Bwana akichezea tai yake. Kisha akauliza ni nani aliyeipika. Bwana akanionyesha kwa kidole. Mzee akasimama, akainama mbele yangu, mimi na aproni yangu yenye madoa! Akasema anamwalika Bwana kula huko Kyoto, na mpishi naye aje, kama mgeni.

Bwana akakohoa. Hajazoea kula meza moja nami, lakini kahawa ilikuwa lazima iuzwe, akakubali.

Tukaenda kwa gari la moshi, mchana wa jua jembamba. Mimi nilitegemea jumba la taa na muziki. Tukafikishwa kwenye nyumba ya mbao isiyo na hata kibao cha jina, njia yake ya mawe imemwagiwa maji kama vile mtu amemaliza kuosha uwanja muda huo huo. Kimya kilivyokuwa kikubwa, nikadhani tumekuja msibani. Tukavua viatu mlangoni. Soksi ya Bwana ilikuwa na tundu, kidole gumba kikatoka kusalimia watu, nami nikatazama juu darini kwa adabu.

Mwenye nyumba ni mama mzee, rika la mama yetu kabisa, nywele nyeupe zimefungwa nyuma. Alipotuona akapiga magoti kwenye mkeka, akainamisha kichwa mpaka karibu kugusa chini. Dada, nilishtuka. Mwanamke wa umri ule anipigie magoti mimi? Nikaanguka chini na mimi, nikapiga makofi yale ya heshima, viganja vimekunjwa kidogo, taratibu, kama mama alivyotuzoesha tangu tunajifunza kukaa, kwa kuwa yeye ni Mnamwanga wa Mpemba na kwao hupokei kitu kwa mtu mzima mikono yako ikiwa kimya.

Makofi hayajaisha, msichana wa kazi akaja mbio, akapiga magoti mbele yangu, akangoja. Nikafikiri ananisalimu. Nikampigia na yeye. Akaondoka mbio, akarudi na chai. Nikapokea, nikapiga makofi kushukuru. Akaja mwingine. Kwa kifupi, kabla hatujaonja chochote, mbele yangu palikuwa na chai, taulo za moto na pombe yao ya mchele ambayo mimi sinywi, na wasichana wamepiga foleni mlangoni wakihema.

"Lameki," Bwana akaninong'oneza kwa Kiswahili chake, masikio mekundu, "nini hii unafanya? Acha kuita watu!"

"Siiti mtu, Bwana. Nashukuru."

Ndipo mzee akaeleza, na Bwana akanitafsiria: katika nyumba zile, mgeni akitaka kitu hupiga makofi, na watumishi huja. Nilitamani mkeka unimeze. Lakini mzee hakucheka. Aliuliza, "Kwao wanampigia nani makofi?" Nikamjibu kwamba tunampigia anayetupa. Akamgeukia yule mama mzee, wakasemezana kwa sauti ya chini, na tangu hapo kila nilipopiga makofi, mama yule aliinama, na hakuna msichana aliyetumwa tena.

Basi chakula kikaanza kuja, na hapo ndipo maneno yananipungukia, mimi ambaye unasema sinyamazi. Kilikuja kisahani, juu yake kipande kidogo cha samaki, kimelala juu ya jani jekundu la mti lililoanguka siku hiyo hiyo. Nikangoja sahani ya pili yenye chakula chenyewe, maana nilidhani hicho ni cha kuonja tu. Kumbe ndicho. Kikaja kisahani kingine, umbo lingine, rangi nyingine. Samaki mbichi, Tabita! Mbichi kabisa, ameng'aa kama kioo. Nikafumba macho, nikasali kidogo, nikameza, na nakuambia kweli, alikuwa mtamu mpaka nikaona aibu kwa ile sala. Wali nilikata tamaa nao. Kwetu ugali ndio unaotangulia, mboga zinaufuata. Huku wali ulikuja mwishoni, baada ya vyote, na harufu yake peke yake ilitosha kunirudisha nyumbani.

Mimi nimepika miaka yote hii nikijiona fundi. Napika kwa kujaza, mtu akiinuka anashika tumbo. Siku ile niliona watu wanaopika kwa kuacha nafasi. Kila kitu kidogo, kimetulia peke yake, na hakuna anayekuharakisha. Ukimaliza, unakuta una njaa tena kidogo, njaa nzuri, ya kutaka kujua kinachofuata. Nilikaa pale kinywa wazi kama mtoto kanisani siku ya Krismasi.

Katikati ya chakula ndipo lilipokuja bakuli. Bakuli jeusi la mti, dogo, na kifuniko chake kimenyunyiziwa maji, matone yamekaa juu kama umande. Nikachukua kitambaa nipanguse, nikidhani wamelowesha kwa bahati mbaya. Yule mama mzee akanizuia mkono, polepole. Mzee akaeleza na Bwana akatafsiri: matone yale huwekwa makusudi, ili mgeni aone kwamba hakuna aliyekifunua tangu kitoke jikoni. Yeye ndiye wa kwanza.

Nikafunua. Mvuke ukanipiga usoni. Ndani kulikuwa na mchuzi mweupe kama maji ya kisima, na katikati gimbi. Gimbi, dada! Gimbi letu, la bondeni kule mtoni, wamelichonga mviringo, moja tu. Sikujua kwamba na wao wanalo. Machozi yalinitoka mbele ya Bwana, mbele ya mnunuzi, mbele ya kila mtu, na sikujali.

Yule mama akauliza kama chakula ni kibaya. Nikasema, "Hapana. Mama yangu anayalima haya. Baba amekufa, na mama hataki kula tena." Bwana akatafsiri, na safari hii sauti yake haikuwa ya kibwana. Mama mzee akalisogeza bakuli karibu nami. Kisha akauliza swali moja: "Mama yake hula na nani?"

Dada, nilimkumbuka mama jikoni kwetu. Nilifikiri pale, nimeshika kifuniko mkononi. Mama alimpakulia baba, akatupakulia sisi, akawapakulia wageni, kisha akakaa peke yake kwenye mafiga akila kilichobaki kwenye chungu. Sijamwona hata siku moja akipakuliwa. Sasa baba hayupo na wewe, kwa upendo wako, unamwekea mbele sahani kubwa iliyojaa, na yeye anaitazama akitafuta mwenye nayo.

Kwa hiyo fanya hivi, nakuomba kama ndugu asiyeweza kufika. Chimba gimbi moja changa. Lichemshe peke yake, mchuzi uwe mwepesi, na chumvi iwe ile ya Ivuna anayoipenda, si ya dukani. Weka kwenye kile kibakuli cha udongo kidogo, ufunike kwa kisahani, unyunyize maji juu. Usiweke kingine. Mpelekee alipokaa, upige magoti, useme ni chake, hakuna aliyekionja. Halafu ukae naye. Usimhimize. Usikifunue wewe.

Nisalimie shemeji yangu mume wako, na asiuze kahawa kabla haijakauka vizuri. Salamu kwa mama mkubwa anayekusaidia kumwogesha mama, Mungu amlipe. Shangazi wa Mpemba naye msalimie, nimeshapoa kidogo. Mtoto mwambie mjomba anavaa soksi mbili.

Na mama mwambie nimekula gimbi lake huku mwisho wa dunia, na nilimpigia makofi.

Nimebakiza neno moja. Akishafunua na kula, hata kama ni nusu, mama atapiga makofi, maana ndivyo alivyo, hawezi kupokea kimya. Wewe usidhani anashukuru tu. Ukiyasikia, hata uwe shambani, tupa jembe na ukimbie, umpelekee kingine.

Mdogo wako wa jikoni,
Lameki