Kikao cha Kamati ya Gari la Harusi Kilichopigia Kura Breki

CHAMA CHA KUSAIDIANA CHA WASWAHILI WA KENSINGTON NA MALVERN, JOHANNESBURG
KAMATI YA GARI LA HARUSI

Tarehe: Jumapili, 9 Novemba 2025, saa 9:00 alasiri (kilianza saa 10)
Mahali: Nyumbani kwa Mama Clémentine, Kensington, ambako gari hulazwa

Waliohudhuria:
Bw. Abdulrahman – Mwenyekiti, na dereva pekee wa gari
Bi. Shufaa – Mhazini, na mke wa Mwenyekiti
Bw. Bakiri – Mjumbe
Bw. André – Mjumbe
Mama Clémentine – Mjumbe
Bi. Zuhura – Katibu

Asiyehudhuria:
Bw. Naseeb, fundi wa gari. Udhuru: alisema ushauri wake wa mwezi wa nane haujasikilizwa, basi na yeye hana cha kuja kusikiliza.

KUMB. NA. 1/11/2025: KUFUNGUA KIKAO
Bw. Bakiri aliomba dua, kisha Mama Clémentine akaomba kwa upande wa Wakristo. Maombi ya Mama Clémentine yalichukua muda, na Mwenyekiti alitoka mara mbili kwenda kulitazama gari.

Akifungua kikao, Mwenyekiti alieleza kwamba Benzi letu jeusi la mwaka 1994 ndilo sura ya chama, na kwamba kwenye kumbukumbu liandikwe "Mheshimiwa". Katibu ameandika gari.

KUMB. NA. 2/11/2025: KUMBUKUMBU ZA KIKAO KILICHOPITA
Mwenyekiti aliagiza neno "ugomvi" lifutwe na badala yake liandikwe "mashauriano". Limefutwa. Bw. Bakiri aliuliza ni nani atakayemlipia shati lililochanika katika mashauriano hayo. Mwenyekiti alitangaza ajenda inayofuata.

KUMB. NA. 3/11/2025: ULINZI WA GARI
Mwenyekiti alitoa taarifa kwamba gari sasa lina kufuli la gia, chuma cha usukani, king'ora, na mnyororo unaopita kwenye magurudumu. Aidha, viti vimevishwa ngozi mpya, na hairuhusiwi kula wala kunywa ndani ya gari, hata maji. Alisema katika mji huu mtu akisimama kwenye robot, yaani taa za barabarani, na gari kama hili anatazamwa na kila jicho, ndiyo maana kamati haikulaza damu.

Katibu alisema anaona vifaa vinne vya kulizuia gari lisiondoke, na angependa kujua ni kipi kitakacholizuia likishaondoka. Mwenyekiti alisema swali hilo lina ajenda yake.

KUMB. NA. 4/11/2025: BREKI
Jumamosi ijayo gari linatakiwa limchukue bibi harusi kutoka hapa juu Kensington hadi ukumbini Malvern, na njia yote ni mteremko. Bibi harusi ni Saida, binti wa Katibu.

Bw. André aliomba ujumbe wa sauti wa Bw. Naseeb, uliotumwa kwenye grupu la WhatsApp, usikilizwe. Ulisikilizwa. Sauti ilisema: "Eish, jamani. Breki za nyuma zimekufa, za mbele zinafikiria. Kulisukuma hadi getini mpige picha, sawa. Lakini msilishushe mlima na mtoto wa watu ndani."

Mwenyekiti alisema Bw. Naseeb ana tabia ya kutia watu hofu, na kwamba yeye mwenyewe amelifahamu gari hili miaka sita na halijamgonga mtu. Bw. Bakiri alisema mwaka jana liligonga choo cha kukodi pale kwenye harusi ya mwanachama wetu Gradi. Mwenyekiti alisema choo si mtu.

Mhazini alieleza kwamba fedha za matengenezo zimekwenda kwenye viti, na kadi za mwaliko zimeshachapwa zikiwa na picha ya gari. Kubadilisha sasa ni aibu.

Mwenyekiti aliitisha kura. Bw. André aliomba maneno yake yaandikwe kama alivyoyasema: "Président, frein haiko mambo ya kupigia kura. Iko ao haiko." (Frein ni breki.) Mwenyekiti alisema hapa tunafuata katiba.

Katibu aliponyoosha mkono, Mwenyekiti aliamua kwamba haruhusiwi kupiga kura, kwa kuwa mwanawe ndiye atakayepanda, hivyo ana maslahi binafsi.

Matokeo: breki ni nzima, kura nne. Breki si nzima, kura moja.

KUMB. NA. 5/11/2025: MENGINEYO
Mvua ilianza kunyesha. Mwenyekiti alisema anateremka na gari Malvern jioni hii ili lioshwe na kupambwa, na kwamba nafasi zipo kwa yeyote anayekwenda huko.

Bw. Bakiri alisema daktari amemwagiza atembee kwa sababu ya sukari. Mama Clémentine, anayekwenda Malvern kwenye mazoezi ya kwaya, alisema ngozi mpya ya viti inamtia kichefuchefu. Mhazini alimwambia mumewe, "Baba Twalib, wewe tangulia. Mimi nabaki kumsaidia Mama Clémentine vyombo." Hakuna chakula kilichopikwa. Bw. André alisema, "Mimi niliisha sema."

Katibu aliomba ruhusa asome kura nne za "nzima" pamoja na majibu haya. Mwenyekiti alisema hilo halimo kwenye ajenda. Katibu alisoma.

Kisha Katibu alisema kwamba anao mtoto mmoja tu. Kwamba tangu Agosti amekuwa akiandika "suala litaangaliwa" kwa mkono wake huku hapati usingizi, kwa kuona haya kuwasumbua wazee wa kamati. Kwamba anaogopa, na neno hilo liandikwe hivyo hivyo. Saida hatapanda gari hili. Atalia kwa sababu ya picha, na alie. Atapelekwa na Corolla ya Bw. André, yenye mlango mmoja wa rangi tofauti na breki zote.

Mwenyekiti aliuliza kama Katibu anatengua uamuzi wa kamati. Katibu alisema ndiyo. Hakuna kura iliyopigwa.

KUMB. NA. 6/11/2025: KUFUNGA KIKAO
Kikao kilifungwa saa 12:20 jioni. Mwenyekiti aliingia ndani ya gari na kuliwasha, wajumbe wakasimama barazani kutazama. Lilinguruma vizuri sana. Alikaa humo kwa muda, mikono kwenye usukani, akiutazama mteremko. Kisha akazima, akatoka, na kusema ataliosha siku nyingine. Mhazini alimpa nusu ya mwavuli, wakashuka kwa miguu.

Katibu: Zuhura (amesaini)
Mwenyekiti: Abdulrahman (amesaini, kwa sharti kwamba KUMB. NA. 6 ifutwe. Haijafutwa.)