Sifuri ya Binti Yangu

Jumatatu, 9 Juni

Sifuri! Kihisi chetu cha mzunguko kimelala mezani tangu asubuhi, na kinasema sifuri. Ndani yake kuna kijiti cha chuma kinachotetemeka. Kikigeuzwa, mtetemo hupinda, nasi hupima kupinda huko. Tatizo lilikuwa kwamba kilionyesha kupinda bure hata kikiwa kimetulia, na joto likipanda ndiyo kabisa. Ndege zisizo na rubani, zile za kupeleka damu hospitalini, zitageuka kwa kukitegemea hiki. Binti yangu amelisahihisha kosa kwa programu. Nimempongeza mbele ya karakana nzima, mimi nisiyesifu ovyo. Sukari, fundi wetu wa kulehemu, akanitania: Mzee leo kacheka, tuanue nguo, mvua hiyo!

Jumanne, 10 Juni

Kuna jambo linanikera. Kihisi cha kweli hakinyamazi hivi. Hata kikisahihishwa vyema, tarakimu ya mwisho huchezacheza. Hiki kimetulia kama maji ya mtungini.

Jumatano, 11 Juni

Nimekiweka juu ya meza ya kuzungushia. Nikaizungusha polepole mno. Sifuri. Nikaongeza. Sifuri! Nikaongeza tena — ndipo kikashtuka.

Nimemwita binti. Hakukana. Kosa halikusahihishwa, limefichwa. Programu imeambiwa kila mzunguko mdogo si kitu. Baba, ile midogo nimeitupa tu, wateja wanakuja kesho. Nikamwuliza: na ndege ikipinda polepole? Setilaiti itairudisha njiani. Na mawasiliano yakikatika, na damu imo ndani?

Sukari alijua. Mkuu wa karakana alijua. Walikubaliana: mzee asiambiwe, ataharibu. Kumbe nilipokuwa nikimpongeza, wote walijua ninachopongeza!

Kikulacho ki nguoni mwako. Methali hii nimewasomea watu wengine maisha yangu yote.

Alhamisi, 12 Juni

Naandika kwenye ngazi. Wageni wanakunywa chai. Mkuu amewaambia mimi ndiye nitakayewaonyesha, kwa kuwa neno langu halina kona. Neno langu! Binti amenikunjulia kola, akaninong'oneza: Nisitiri, Baba. Leo tu.

Meza nimeiwasha mwenyewe, kihisi kikiwa juu yake, kwa mwendo ule ule wa polepole wa jana. Inazunguka sasa, na hakuna aliyegundua. Skrini inasema sifuri. Mgeni mmoja ameipiga picha na kuisifu. Nimemsikia binti akimjibu, kwa sauti ya fahari kabisa, kwamba kazi yote hii ni ya baba yake.

Wananiita —