Nusu ya Kitovu

Jumatatu, 4 Machi

Yeyote utakayeishika shajara hii, nakusihi: usimsomee mtu hata neno moja. Atakayeumia si mimi, ni dada yangu.

Leo dada Hlengiwe amewekewa dripu tena. Uvimbe wa titi umepungua — Daktari Naicker kanionyesha picha kwa furaha ya mtu aliyepata mtoto wa kwanza. Nikamuuliza: seli za kitovu cha mtoto wa watu zitaishi ndani ya dada? Akacheka. "Nokwanda, hatumpi seli. Seli shina zinabaki maabara. Zinatoa vijifuko vidogo mno, tunavichuja na kuvitia kwenye dripu. Vimebeba ujumbe wa kuuambia uvimbe ukome. Hakuna mtu humo ndani."

Ujumbe. Neno hilo sikulipenda.

Jumatano, 6 Machi

Bibi Ngcobo amekuja mapokezi ninakofanya kazi, kutoka kijijini Ndwedwe, mjukuu mgongoni. Kitovu cha mtoto huyu ndicho kilichopelekwa maabara kwa ajili ya dripu ya dada. Kipande kilichobaki walirudishiwa, wakakizika zizini, walikolala babu zake, kama ilivyo mila. Daktari aliona kuzika hicho kipande kunatosha. Na mimi pia.

"Analia, binti. Si njaa. Analia kama anayeitwa kutoka pande mbili."

Nikamwambia ampeleke kliniki ya watoto.

"Nimempeleka. Wamenipa dawa ya tumbo. Wewe tumbo likikuuma, unatazama mlangoni?"

Akauliza nusu nyingine iko wapi. Nikasema sijui. Ninajua — mimi ndiye ninayepanga dripu ya kitovu kipi inakwenda kwa nani. Nikimtaja dada, matibabu yatasimamishwa.

Nusu imezikwa, akasema akiondoka, nusu inatembea.

Ijumaa, 8 Machi

Hlengiwe hajawahi kuzaa. Leo alikuwa anachambua mboga, blauzi ikalowa upande wa titi lisilo na uvimbe. Maziwa. Akageukia mlangoni. "Mtoto wa nani analia?"

Hakukuwa na mtoto.

Daktari anasema ni homoni, hutokea. Labda. Lakini sisi ni akina Cele, jina la sifa la ukoo wetu ni Ndosi. Nilipomwita hivyo kumtuliza, alinishangaa.

"Ndosi ni nani? Mimi Mapholoba."

Hilo ni la akina Ngcobo. Sijawahi kumtajia jina hilo.

Jumapili, 10 Machi

Bibi Ngcobo yuko sebuleni kwetu. Hakuna aliyempa anwani. Anasema mtoto ndiye aliyemwelekeza: akikosea njia, analia, akipatia, ananyamaza. Sasa mtoto amelala kifuani kwa Hlengiwe, kimya kabisa.

Nikapiga magoti, nikamwambia: Nitaiba kila kilichomo kwenye friza ya maabara, Bibi, ukazike. Niachie tu dada yangu.

"Friza ya nini? Kitovu kimeshapata miguu. Nimekuja kukichukua kwenda nyumbani."

"Kukifanya nini?"

Akanitazama kwa huruma. "Kwani kitovu hufanywa nini, mwanangu?"

Hlengiwe anafunga begi. Nimemshika mkono, kautoa taratibu, kama mtu aliyeshikwa na mgeni. "Unaweza kutusindikiza," ameniambia. Nakwenda nao.

Shajara naiacha juu ya meza. Ukiisoma, njoo Ndwedwe, ulizia kwa Ngcobo, nyumba ya mwisho kabla ya mto. Kwanza mpigie simu Hlengiwe. Mwite Ndosi. Akiitika, njoo na gari, utuchukue. Akiuliza Ndosi ni nani, usikate, mzungumzishe, huku unakuja. Asipopokea, usipite nyumbani kwao. Chukua sepetu, nenda moja kwa moja zizini, na umfukue.