Mtoto wa Mke Wangu Anahama, Nami Sitaki Aende

Mshauri wetu, shikamoo kama umenizidi umri, na kama sivyo nivumilie tu, maana nina jambo limenielemea. Mimi ni seremala wa miaka hamsini na saba, nilimwoa mke wangu akiwa na kijana wa miaka kumi na mitano, sasa ana thelathini, ni kinyozi, na mpaka leo yuko nyumbani kwetu chumba cha nyuma, anaimba bafuni mpaka maji yanaisha, nami kila siku namuuliza mama yake, "Huyu anahama lini?"

Miezi mitatu iliyopita nilianguka kwenye ngazi nikavunjika mkono wa kulia, na kwa kuwa mke wangu ni muuguzi na hutoka alfajiri, ni kijana huyo aliyenifunga vifungo vya shati, akanikatia chakula vipande vidogo, akaninyoa ndevu huku akinitania, "Mzee, tulia, ukicheka utabaki na nusu sharubu." Badala ya kushukuru, siku moja, kwa aibu ya kuhudumiwa kama mtoto mchanga, nikamfokea uani majirani wakisikia: "Mwanaume mzima bado umeng'ang'ania jiko la mama yako!" Alikunja taulo akaenda kazini, na kesho yake akaja tena na wembe wake.

Juzi nimetolewa plasta, nikamwambia mke wangu sasa kijana hana kisingizio. Akanitazama, akasema, "Alikuwa ahame wiki ileile uliyoanguka. Chumba kipo, mchumba wake alishatundika mapazia. Alikataa kwenda mpaka uweze kuvaa mwenyewe, na akanikataza nisikwambie."

Anahama Jumamosi, na mimi niliyekuwa namfukuza sasa natamani abaki. Nimwombe asiende? Au nimtengenezee kitanda cha mbao ngumu ajue nilivyojuta, maana maneno sina?

Seremala Mwenye Majuto

*

Seremala, pole kwa mkono. Pole yangu imeishia hapo.

Maneno unayo. Ya kumdhalilisha uani yalikutoka bila kutafutwa, sembuse haya ya heri? Na usithubutu kumwomba abaki. Kuna binti wa watu amesubiri miezi mitatu nyuma ya mapazia mapya kwa sababu yako, unataka asubiri hadi lini? Umechelewa kumpenda kijana huyu, sawa, wengi huchelewa, lakini usimkatie safari yake ili wewe ujisikie vizuri.

Kitanda tengeneza, wanaooana watakihitaji, ila kisiwe ndiyo samahani yako. Kitanda hakina mdomo.

Usingoje Jumamosi. Leo akirudi kutoka kazini, toka naye uani, palepale, majirani wakiwa wanaanua nguo zao, na useme kwa sauti ileile uliyomfokea nayo: "Mwanangu, nilikukosea. Umenitunza na nikakutukana. Nisamehe." Usiongeze "lakini". Usieleze maumivu ya mkono. Usimdai akuite baba.

Kisha nyamaza umsikilize. Huenda akacheka, huenda akakutolea hasira za miaka kumi na mitano. Akikasirika, simama hapo uzipokee zote, wala usivunjike moyo: asiyekujali angekuwa ameshahama zamani.